Siku Pacha Alipokanyaga Kimondo

Lori lilikuwa limeshatoka getini, limeshapita kona ya duka la vipuri, na mimi nilikuwa nimeshavua viatu. Kwenye safari ndefu mimi huanzia hapo: miguu ikae huru, mengine yatajipanga yenyewe. Dereva aliitazama miguu yangu, akateremsha kioo cha dirisha.

"Babu, hivyo vidole ni vyako au umeviazima?"

"Babu yako yuko kwenu. Wewe endesha."

Katikati yetu alikaa binti wa marehemu dada yangu, magoti yamebanwa na gia, kompyuta ameipakata kama mtoto mwenye homa. Kazini wanamwita Injinia, na mimi nikiwa kazini namwita hivyo hivyo. Tukiwa wawili namwita mama, kama nilivyomwita tangu anatambaa. Alikuwa anacheka, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwake kwa muda mrefu. Nyuma yetu, ndani ya kasha la mbao lililofungwa mikanda ya chuma, alikuwemo Kobe.

Kobe ni roboti. Kimo chake ni cha meza, mgongo wa duara, anatembea kwa minyororo kama katapila, polepole mpaka unamwonea huruma. Alitengenezwa kwa kazi moja tu: ashushwe kule chini kabisa ya dunia, penye barafu isiyoyeyuka, atambae peke yake akitafuta vimondo, yaani mawe yaliyoanguka kutoka angani. Vimondo huanguka popote, hata juu ya paa lako, ila kule kwenye barafu tupu jiwe jeusi linaonekana kama nzi kwenye shuka. Tabu ni kwamba yapo pia mawe ya kawaida, yaliyosukumwa na barafu kutoka milimani, nayo meusi. Kobe alitakiwa ayapite hayo ya kawaida na asimame kwenye kimondo, awashe taa ya kijani, ainue mkono wake mmoja na kukiokota. Kazi hiyo hata watu wanaifanya, nimewaona kwa macho yangu. Lakini mtu anachoka, anaganda vidole, anagombana na mwenzake hemani. Kobe hana wa kugombana naye.

Ujanani nilifika kule mara mbili, dereva wa trekta la kuvuta mapipa ya mafuta. Nimefanya kazi nyingi kabla na baada, nyingine zimenifukuza, nyingine nimezifukuza mimi, na nimelala katika miji ambayo sasa siwezi kuitaja kwa mpangilio. Nimeona mengi ya kupendeza. Lakini kama mtu angeniuliza ni wapi nataka kurudi kabla sijazikwa, ni kule tu. Kuna weupe kule ambao ukishauona, kuta zote za nyumba zinakuwa chafu machoni pako.

Sasa mpwa wangu alikuwa amenipatia nafasi. Kobe alipewa nafasi mbili za watu kwenye meli: moja ya Injinia, nyingine ya fundi wa kukaza minyororo na kumvuta akizama. Fundi huyo ni mimi. Daktari alinipima kifua, akasikiliza, akasikiliza tena, akasema, "Mzee, mwaka huu nakupitisha. Mwakani usije kwangu, utaniweka pabaya." Siku ile ya lori, meli ilikuwa ing'oe nanga kesho yake, na haiendi mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo ilikuwa wazi kama mchana: Kobe akipanda, mimi napanda. Kobe akibaki, nabaki moja kwa moja.

"Mjomba," Injinia alisema, "ukifika huko utavaa viatu?"

"Nitavaa hata vinne."

Dereva alicheka mpaka akakosa gia. Simu ya Injinia ikalia. Aliitazama akasema, "Mama Mawe huyo, anataka kuniaga mara ya kumi," akaiweka sauti ya juu ili sote tusikie.

"Rudini," ilisema simu.

"Mama, tumesahau nini tena?"

"Rudini. Pacha amelikanyaga."

"Amekanyaga nini?"

Tulisikia mtu akivuta pumzi, na nyuma yake mvumo wa mashine za kupozea.

"Jiwe langu," alisema Mama Mawe, na simu ikakatika.

 Kicheko kilikuwa bado kimebaki mdomoni mwa Injinia, kama kimesahauliwa pale. Dereva alipunguza mwendo. "Nigeuze au nisigeuze? Mniambie, nyuma kuna basi."

"Geuza," nilisema mimi, maana yeye hakuweza.

Wakati dereva anahangaika kuligeuza lori na magari yote ya barabara hiyo yakimtukana kwa honi, nieleze mambo mawili, maana bila hayo hutaelewa kwa nini tulikuwa tumekauka vile.

La kwanza, Pacha. Kobe walizaliwa wawili. Mmoja wa kusafiri, mmoja wa kubaki kwenye ghala letu la baridi, ili kule barafuni kikiharibika kitu, huku kijaribiwe kwa mwenzake. Miili miwili, akili ileile. Anachojua Pacha ndicho anachojua Kobe, na asichokijua mmoja, mwenzake pia hakijui.

La pili, jiwe. Mama Mawe ndiye mtaalamu wetu wa vimondo, mama mtu mzima, mkali, anayenusa jiwe kabla ya kulishika. Alikuwa na makabati ya vimondo ofisini, vya kila namna. Lakini kimoja hakikukaa kabatini. Hicho alikiokota yeye mwenyewe juu ya barafu, akiwa msichana, na tangu siku ile hakijawahi kuonja joto. Kiliwekwa kwenye friza lenye kufuli, maana kimondo cha barafuni kikipata joto, unyevu unakiingia na kukila ndani kwa ndani. Tulimbembeleza tukitumie kumfundisha Kobe, akakataa. Tulimbembeleza tena, akamwambia Injinia, "Mwanangu, na wewe nikuombe mtoto wako nimfanyie mazoezi ya kuendesha gari?" Tukaacha. Siku ile ya kuondoka, kwa furaha, kwa kuwa lori limeshatoka na hakuna wa kumsumbua, alikitoa mwenyewe. Alitaka picha moja tu: Pacha amesimama mbele ya jiwe lake, taa ya kijani inawaka. Aitundike ukutani.

Tulifika. Nilishuka bila viatu, nikakumbuka nilipokanyaga changarawe, nikarudi kuvivaa. Injinia alikuwa ameshaingia.

Ghala hilo lilikuwa la kugandishia samaki zamani, na mpaka leo ukivuta pumzi kwa nguvu samaki hao wanakusalimia. Ukumbi mmoja mrefu, mlango mzito wa mpira, taa nyeupe, na sakafu yote ni barafu tuliyoitengeneza sisi wenyewe kwa kumwaga maji kidogo kidogo na kuipuliza kwa feni mpaka ikawa na mawimbi kama ya kule. Mlangoni kuna ndoo ya mawe ya kawaida. Upande wa pili wa ukuta ndiyo ofisi, yenye kipasha joto, mizani, kamera na birika la chai lisilopoa.

Mama Mawe alikuwa amepiga magoti katikati ya barafu. Mbele yake palikuwa na kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa vipande viwili vyeusi, na unga. Alishika koleo. Hata kwa hali ile hakuligusa jiwe kwa mkono. Pacha alikuwa amesimama mbele kidogo, ameshamaliza safari yake, anasubiri amri nyingine. Njia ya minyororo yake ilipita juu ya barafu imenyooka, bila kupinda hata kidogo.

"Hakusita," alisema Mama Mawe. Hakuwa analia. Ningefurahi kama angelia. "Nilisema labda atasimama mwishoni. Nikamwambia Bwana Ratiba, subiri, atasimama. Hakulitazama kabisa. Amelipita kama... kama ganda la ndizi."

Bwana Ratiba ndiye mpangaji wa safari yetu, mtu wa saa na kalenda, hata kikohozi chake nadhani kina ratiba. Alikuwa amesimama na kamera ya picha ile, kikombe cha chai mkono wa pili, na koti la mtu mwingine lililomwishia viwikoni. "Ni ukungu," alisema. "Kioo chake kimepata ukungu. Mlango nimeufungua mara mbili, joto limeingia. Ni hilo tu. Injinia, mwambie Mama ni hilo tu."

Injinia alimsogelea Pacha, akavua glavu, akapitisha kidole juu ya jicho lake. Kidole kilitoka kikavu.

"Hamna ukungu," alisema.

Mimi nilijiona kama mtu aliyeambiwa nyumba yake imeuzwa naye yumo ndani anakula. Nilikuwa nasikia maneno, yanafika, hayaingii. Wiki baada ya wiki nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ghala lile namtazama mnyama huyu akitembea. Hakuwahi kukosea. Nasema hakuwahi. Tunatandaza mawe, ya kawaida na vimondo, tunamwachia, anatambaa, anapita la kawaida, anapita la kawaida, anasimama: taa ya kijani. Wageni walipiga makofi. Mkuu wa Safari, mwenye meli, alikuja mwenyewe, akaona, akasema hajawahi kuona macho kama yale kwa mtu wala kwa mashine. Ndipo tukapewa nafasi.

"Leta sanduku," Injinia aliniambia.

Nilileta sanduku la vimondo vya mazoezi kutoka ofisini. Alivitandaza, akachanganya na mawe ya ndoo, akamwachia Pacha.  Minyororo ilikwaruza. Pacha alisimama kwenye kimondo cha kwanza, kijani. Cha pili, kijani. Vyote. Ya kawaida aliyapita juu kwa juu, hata moja hakuliokota.

"Unaona?" Bwana Ratiba alipumua. "Si nilisema? Mzima wa afya. Lori lirudi barabarani, bado tunawahi."

"Mama," Injinia alimwambia Mama Mawe, taratibu kama anayemwomba mfiwa, "nipe kipande kimoja."

 Mama Mawe akakiinua kimoja kwa koleo, akakiweka mwenyewe juu ya barafu. Injinia alimrudisha Pacha nyuma, akamwachia, na safari hii akaenda naye sambamba, mkono juu ya swichi. Pacha alikuja. Alikuja vizuri tu, mwendo wake uleule wa bibi harusi. Alifika kwenye kipande na hakusimama. Injinia alibonyeza swichi mnyororo ukiwa umeshaanza kukigusa, na Mama Mawe alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena.

Nilitazama mlango. Nje, lori lilikuwa linanguruma bado, na mule ndani ya kasha alikuwemo yule mwingine, mwenye akili hiyohiyo.

Injinia alilala kifudifudi kwenye barafu. Nilidhani ameanguka, nikakimbilia, akanizuia kwa mkono. "Tochi." Nikampa. Aliiweka chini kabisa, mwanga ukatambaa juu ya barafu kwa ubavu. Alikitazama kipande cha Mama Mawe. Akajiburuta mpaka kwenye kimondo kimoja cha sanduku, akakitazama. Akajiburuta mpaka jiwe la ndoo. Akarudi kwenye kimondo. Pua yake ilikuwa karibu igande hapo.

"Mjomba, njoo ulale hapa."

"Na mgongo huu?"

"Lala."

Nililala. Kwa mwanga ule wa ubavuni niliona. Kimondo cha sanduku kilikuwa na kola. Pete nyembamba ya barafu inayong'aa ilikuwa imekizunguka, kama alama ya kikombe mezani, kwa sababu kilipowekwa kilikuwa bado na joto la ofisini, kikayeyusha kidogo, na maji yakaganda tena. Jiwe la ndoo halikuwa na kola. Lilikaa juu ya barafu kavu kabisa. Na kipande cha Mama Mawe kilikaa hivyo hivyo, kikavu.

"Kule kwenyewe yanakaaje?" aliniuliza. Nadhani alishajua. Alitaka tu mtu mwingine aseme.

"Kavu," nilisema. "Yanakaa kama yamewekwa mezani."

Alisimama. Alichukua jiwe moja la ndoo, jiwe la ovyo la kokoto za ujenzi, akalitia ndani ya koti, kwapani. Akasimama nalo akiwa amefumba macho.  Kisha akalitoa, akaliweka kwenye barafu, akasubiri kidogo, akamwachia Pacha. Pacha akaja, akasimama, akawasha kijani, akainua mkono wake kwa heshima zote na kuliokota.

"La hasha," alisema Bwana Ratiba.

Injinia alimfuata, akamnyang'anya kikombe chake cha chai, kinatoa moshi bado, akakiweka chini katikati ya ukumbi. Alikiacha kikae, akakitoa na kukirudisha palepale juu ya pete yake. Pacha akaja, akasimama. Kijani.

Nilicheka. Nikiri tu, nilicheka, kwa sababu mashine ya watu wenye digrii ilikuwa inatutangazia kwamba kikombe cha Bwana Ratiba, chenye picha ya jogoo, kimeanguka kutoka angani. Nilicheka peke yangu na kicheko kikaenda kikagonga ukuta kikarudi, na nilipousikia mlio wake nikanyamaza.

"Kila jiwe lipite mezani," Injinia alisema polepole.

Hiyo ilikuwa sheria yetu. Vimondo vina thamani, kwa hiyo kila kimoja, kabla ya kuingia ghalani, kinapita kwenye meza ya ofisi: kinapimwa uzito, kinapigwa picha, kinafutwa vumbi, kinabebwa kwa mkono kama yai mpaka kwenye barafu. Na jioni kinarudi. Mawe ya kawaida nani atahangaika nayo? Yalikaa kwenye ndoo mlangoni, baridini, usiku na mchana. Tulikuwa makini kupita kiasi na vile vya thamani, tukawa wazembe kwa vya ovyo, kila siku, bila kukosa hata siku moja. Na kumfundisha Pacha ni kama kumfundisha mtoto kumjua mbuzi: unamwonyesha mbuzi, unamwonyesha asiye mbuzi, mwishowe anajua, ila alijuaje hakuambii. Sisi tulidhani anatazama rangi, ngozi ya jiwe, umbo. Yeye alikuwa anatazama kola.

"Tumemfundisha kutafuta mikono yetu," Injinia alisema. "Kule hakuna mikono."

Alikaa chini palepale kwenye barafu.  Mama Mawe aliendelea kuukusanya unga wake kwa brashi ndogo, na mkono wake tu ndio uliokuwa unajongea mule ndani.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Bwana Ratiba, na kwa haki yake, hakuwa mtu mbaya. "Sikilizeni. Tuko wanne humu. Hakuna mwingine anayejua. Kobe aende. Kule kuna barafu tele, tutamfundisha upya hukohuko."

"Kwa vimondo gani?" Injinia aliuliza. "Ili umfundishe lazima uwe navyo. Ndivyo tunavyokwenda kutafuta."

"Mbebe hivi vya sandukuni. Viacheni nje usiku mmoja vipoe, muanze."

"Na tukikaa tunamfundisha, nani atakuwa anatafuta? Muda wa kule ni kidogo, Bwana Ratiba, ratiba umeipanga wewe."

Hapo ndipo niliposema na mimi. Sikupanga kusema. "Mama," nilimwambia, na mbele ya watu sikuwa namwita hivyo, "mimi najua kutafuta kwa macho. Wewe fundisha, mimi nitatembea. Nitaokota. Tutawaambia Kobe ameokota, mpaka atakapojua mwenyewe. Nani atauliza?"

Aliinua uso. Macho yake yalikuwa ya marehemu dada yangu kabisa, yale ambayo hayakupepesa hata nilipomwambia naondoka na sirudi karibuni.

"Mjomba, kifua hicho utatembea nacho wapi?"

"Kimepitishwa."

"Kimepitishwa kukaa kwenye trekta."

"Mama, meli ya mwakani mimi simo."

"Najua."

"Basi kama unajua..."

"Najua, mjomba. Ndiyo maana usiniombe tena. Ukiniomba mara ya pili nitakubali."

Nimeombwa vitu vingi maishani na nimeomba vingi zaidi. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni, ya kubembeleza, ya kulaumu, hata ya kumtaja mama yake. Niliyaacha yakae. Sijui yalikaa kwa muda gani. Mashine za kupozea zilizima, zikawaka tena.

Sikuomba mara ya pili.

Alitoa simu, akaiweka sauti ya juu, nadhani ili asije akajidanganya alichosema. Mkuu wa Safari alipokea akiwa melini; tulisikia vyuma vikigongana na mtu akipaza sauti, shusha, shusha.

"Injinia! Mko wapi? Winchi ya kupandishia kasha inawasubiri."

"Mkuu, Kobe haoni."

"Haoni? Si utabadilisha kamera?"

"Kamera ni nzima. Hajui kimondo. Hajawahi kujua. Ulichokiona ulipokuja hakikuwa kweli, na sisi pia tulidhani ni kweli. Leo amepita juu ya kimondo halisi na kukivunja." Akamweleza yote, kola, ofisi, ndoo, mpaka kikombe. Alieleza kama anasoma habari za mvua.

Vyuma viliendelea kugongana kule.  

"Nilipiga makofi," Mkuu alisema hatimaye. "Nilisimama hapo ghalani kwenu nikapiga makofi."

"Ndiyo, Mkuu."

"Kasha liko wapi?"

"Hapa. Limerudi."

"Libaki hapo. Nafasi nawapa watu wa kuchimba barafu, wananililia tangu juzi." Kisha sauti ikashuka. "Na yule mzee wako? Yule wa trekta?"

Injinia alinitazama. "Yuko hapa anasikia."

"Mzee, pole. Fundi nilimwandikisha kwa ajili ya mashine. Mashine haipo."

"Nimesikia," nilisema. Sauti yangu ilitoka ndogo, kama ya mtu aliye kwenye chumba cha jirani.

Simu ilipokatika, Bwana Ratiba alikwenda kukiokota kikombe chake. Kilikuwa kimeganda hapo. Alikivuta, mkono wa kikombe ukamkatikia vidoleni, akabaki ameushika anautazama. Mama Mawe alifunga kitambaa chake juu ya vile vipande, akavibeba mpaka kwenye friza, akafunga kufuli, akaivuta kuhakikisha. Kisha akarudi na kumsimamisha Injinia kwa kwapa, maana alikuwa bado amekaa chini na suruali imeanza kushika barafu.

"Inuka, mwanangu. Utaacha ngozi hapo."

Dereva aliingia, mabega ameyapandisha kwa baridi, akatutazama mmoja mmoja. "Jamani, tunaondoka au tunafanyaje? Injini inawaka bure."  Alinigeukia mimi. "Babu?"

Safari hii sikumrudi. "Shusha kasha," nilimwambia.

Meli iliondoka asubuhi yake. Watu wa kuchimba barafu walirudi na walichokwenda kuchukua.

Injinia aliyahamisha makabati yote ya vimondo yakaingia baridini, na mawe ya kawaida ya ndoo akayapanga humohumo pamoja navyo. Meza ya ofisi nayo ikahamia ghalani, wakawa wanapima uzito wakiwa na glavu. Akili ya Kobe ilifutwa ikaanza upya. Kwa muda mrefu alikuwa anakosea kila kitu, kisha akaanza kupatia, ila si kila mara. Mwaka uliofuata walipewa nafasi, ya mtu mmoja tu. Injinia alikwenda naye. Kobe alipata vimondo vitatu, akapita vingine ambavyo watu waliviokota nyuma yake, na akasimama kwa heshima mbele ya kipande cha bati la ndege ya zamani. Mwishoni alitumbukia kwenye ufa na hawakumtoa. Injinia sasa anatengeneza mwingine. Ameolewa.

Mama Mawe alistaafu. Vipande viwili vya jiwe lake viko kwenye friza lilelile, kimoja kimekatwa na kuchunguzwa, kwa kuwa kilikuwa kimeshavunjika. Ule unga aliupima, akauandikia makala, ikasomwa na watu wachache.

Bwana Ratiba anapanga safari za treni. Anasema treni zinafika.

Dereva yule yule bado anaendesha lori. Tukikutana ananiita babu.

Mimi daktari alikataa kunipima. Nilikaa kwa mpwa wangu msimu mmoja, nikakaza minyororo ya Pacha, kisha nikaondoka. Niko kwenye mji wenye joto, nafanya ulinzi kwenye kiwanda cha rangi. Kifua kinakohoa asubuhi. Kule barafuni sikurudi.